Kipeperushi na Sheria: Yanayoachwa Nje Kodi Inapofafanuliwa kwa Maneno Machache

Somo la toleo hili linamhusu kila mwenye duka, mgahawa au stoo ya mazao katika Nkwenda na kata jirani. Kwa kawaida elimu ya kodi hujibu swali la kiasi gani na lini. Safari hii tunatazama jambo linalotangulia hayo: ni nini hupotea pale sheria ndefu inapogeuzwa kuwa sentensi moja ya kubandika ukutani.

Tuanze na hesabu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, humtoza mfanyabiashara mdogo kwa kuangalia mauzo yake ghafi ya mwaka. Ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 halipi kodi hiyo. Anayevuka milioni 4 bila kuzidi milioni 7 hulipa shilingi 100,000 iwapo hatunzi kumbukumbu za biashara. Akizitunza, hulipa asilimia 3 tu ya kiasi kilichozidi milioni 4.

Tuchukue mfanyabiashara aliyeuza bidhaa za shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mwenye daftari atalipa shilingi 30,000, na asiye na daftari atalipa 100,000. Katika kundi linalofuata, la milioni 7 hadi 11, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Aliyeuza kwa milioni 8 atalipa 250,000 bila kumbukumbu, na akiwa nazo atalipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya milioni 1 iliyozidi, yaani jumla ya 120,000. Shilingi 130,000 zinaokolewa na daftari la kawaida la shule.

Lakini habari hii ikipita mdomo kwa mdomo sokoni, husafiri hivi: "Wa chini ya milioni 7 analipa laki moja." Maneno hayo si ya uongo. Yameacha tu sharti moja, na sharti hilo ndilo lenye fedha.

Wanazuoni wawili wa sheria ya kodi nchini Marekani, Joshua Blank na Leigh Osofsky, walilichambua jambo hili katika makala iliyochapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la sheria la Emory. Walipitia machapisho ambayo mamlaka ya kodi ya nchi hiyo huwaandalia wananchi kwa lugha nyepesi, na wakaona kwamba sheria yenyewe hubaki na ugumu wake wote, ila ugumu huo hufichwa nyuma ya maelezo rahisi. Jambo ambalo bado lina ubishi huelezwa kana kwamba limekwisha kuamuliwa. Tafsiri ya mamlaka huingizwa bila kutajwa kuwa ni tafsiri. Misamaha na masharti hudondoka njiani. Mara nyingine urahisi huo humnufaisha mlipakodi, mara nyingine humuumiza, na anayeumia zaidi ni yule asiye na mshauri wa kumwonyesha kilichoachwa. Akifika mahakamani, kinachopimwa ni sheria, wala si kipeperushi alichokiamini. Baadaye wawili hao walionyesha hofu hiyohiyo kuhusu programu za kompyuta zinazojibu maswali ya kodi.

Hawakusema kwamba lugha nyepesi iachwe, nasi hatusemi hivyo. Hapa kwetu ingekuwa dhuluma kuiacha. Sheria zetu za kodi ziliandikwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi, na ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kwa mkulima wa kahawa au muuza maharage, kipeperushi cha Kiswahili ndicho kilichokuwa sheria pekee aliyoweza kuisoma. Ndiyo maana kilichoachwa nje ya kipeperushi kina uzito mkubwa zaidi kwetu kuliko kwa Wamarekani.

Neno moja linastahili kusimamiwa kidogo: mauzo ghafi. Wengi husikia "milioni 4" wakadhani ni faida. Sivyo. Ni fedha yote iliyoingia kutokana na mauzo kabla ya kuondoa gharama yoyote. Gawanya milioni 4 kwa siku 365, utapata takriban shilingi 11,000 kwa siku. Muuza vitenge anayeuza kwa 15,000 kila siku amekwisha kuvuka mpaka huo, hata kama faida yake ni 2,000. Mpaka huohuo wa milioni 4 ndio uliotumika katika vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000 vilivyoanza kutolewa Desemba 2018. Utaratibu huu tena ni wa mtu binafsi. Vijana wanaosajili kampuni, hata ikiwa ndogo kiasi gani, hawamo ndani yake.

Kodi ya majengo nayo ina funzo lake. Tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, na ujumbe huo ulienea upesi kwa sababu ni mfupi. Haukusema kwa sauti ileile kwamba kisheria mdaiwa ni mmiliki wa jengo. Mpangaji anayenunua umeme anamlipia mwenye nyumba, hivyo ana haki ya kufidiwa au kukatiwa kiasi hicho katika pango.

Halmashauri nazo hazijasalimika. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Tangazo la asilimia husomeka vizuri. Ila katika mabadiliko hayohayo ulikuwamo msamaha kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na kwa mwenye magunia machache anayevuka kutoka Kyerwa kwenda Karagwe, msamaha huo ndio habari yenyewe. Sisi wa mawasiliano tunapenda sentensi inayotosha kwenye bango, na hapo ndipo penye mtego.

Sharti jingine linaloachwa mara kwa mara ni la pingamizi. Ni kweli kwamba mlipakodi ana haki ya kupinga makadirio. Hata hivyo, pingamizi huwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi, tena baada ya kulipa kiasi kisichobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa zaidi. Anayejua haki bila kujua siku hufika ofisini siku ya arobaini.

Kwa hiyo, unapopewa kipeperushi au jibu la mdomo, uliza: je, kiwango hiki ni cha mwenye kumbukumbu au asiye nazo? Kuna msamaha gani? Ni cha mwaka upi wa fedha? Swali la mwisho ni la lazima, kwa kuwa Sheria ya Fedha hubadilisha viwango karibu kila Julai 1. Kwa jambo kubwa, sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna Mkuu wa TRA, ukieleza ukweli wote, ili akupe tamko la maandishi linalombana yeye mwenyewe. Na daftari lianze leo: tarehe, kilichouzwa, fedha iliyoingia, na risiti za manunuzi zikiwa zimehifadhiwa pamoja.