Ulimwengu Unapanuka: Na Wakati Je?

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kuwaachia wanafizikia mambo ya nyota. Lakini mara nyingi ugumu wa mambo hayo unaanzia kwenye kitenzi. Nichukue mfano mmoja: ulimwengu unafanya nini, unasambaa au unapanuka?

Tukisema unasambaa, msikilizaji anaona watu wanaotoka sokoni, kila mmoja akishika njia yake. Atauliza: walitokea wapi? Katikati ni wapi? Georges Lemaître, padri na profesa wa Louvain, hakueleza hivyo. Katika makala yake ya mwaka 1927, aliyoiandika kwa Kifaransa, alizungumzia ulimwengu ambao nusu kipenyo chake kinakua. Nafasi yenyewe iliyo kati ya galaksi ndiyo inayoongezeka, na hakuna galaksi iliyo katikati. Kwa hiyo nachagua kupanuka: barabara hupanuka, haisambai.

Sasa tuone wakati unaingia wapi. Mwanga unaosafiri katika nafasi inayopanuka hurefuka mawimbi yake na kusogea upande wa rangi nyekundu. Tuseme galaksi ya mbali inatuma ishara mbili, ya pili ikitoka siku 20 baada ya ile ya kwanza. Ishara ya pili inakuta njia imekwisha kurefuka zaidi. Kama tangu hapo ulimwengu umepanuka mara 1,5, kila wimbi litatufikia likiwa refu mara 1,5, na zile siku 20 zitakuwa kwetu siku 30. Kipimo ni kimoja kwa wimbi na kwa muda.

Jambo hili limepimwa. Kuna nyota zinazolipuka, zinazoitwa supernova za aina ya Ia, ambazo hung’aa na kufifia kwa muda unaokaribiana. Tangu miaka ya 1990 wanaastronomia wamekuta kwamba zile za mbali tunaziona zikififia polepole zaidi, kwa kadiri ileile mwanga wao ulivyorefuka.

Hapa mtafsiri awe mwangalifu. Asiandike kwamba kule wakati unakwenda polepole. Mtu ambaye angekuwa karibu na nyota ile angehesabu siku 20 za kawaida. Tutofautishe basi siku zilizopita kule na siku tunazohesabu hapa.

Neno lingine lenye mtego ni kabla. Tukirudisha hesabu nyuma, tunafika kiasi cha miaka miliardi 13,8 iliyopita. Swali “kabla ya hapo kulikuwa na nini?” halina kosa la sarufi. Lakini mwaka 1931 Lemaître alitoa wazo kwamba, pale mwanzoni kabisa, maneno nafasi na wakati hayakuwa bado na maana. Fizikia haijafunga mjadala huo, ila sisi tunapata somo la semantiki: sentensi inaweza kusimama vizuri kisarufi, na bado tusijue kama inauliza kitu.

Wengi wetu tutakuwa walimu, na wanafunzi watatuuliza mambo haya kwa Kiswahili. Napendekeza kwamba katika kazi zetu za istilahi tusitoshelezwe na neno peke yake. Kando ya kupanuka tuweke ule mfano wa siku 20 na siku 30, ili anayesoma aone neno hilo linafanya kazi gani.