Chuya Hutolewa Kwenye Sinia: Somo la Kutenganisha Taka Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, kazi ya kwanza kabla ya kupika pilau au biriani ni kuchagua mchele. Mchele humwagwa kwenye sinia, chuya na vijiwe vikatolewa, na kazi yote huchukua dakika chache. Mchele ukishaingia chunguni bila kuchaguliwa, hakuna mpishi awezaye kurudi nyuma. Walaji ndio watakaovigundua vijiwe, tena kwa meno.

Taka za nyumbani zinafuata kanuni hiyo hiyo. Ganda la ndizi peke yake ni mbolea, na chupa tupu ya maji peke yake ni bidhaa yenye mnunuzi. Vikikaa pamoja siku mbili ndani ya mfuko mmoja, kwa joto la Mombasa, vyote viwili huwa uchafu usiotakiwa na mtu. Somo hili linaeleza namna ya kuvitenganisha jikoni, kabla mkokoteni haujafika mlangoni.

Taka za kisiwa ni kiasi gani?

Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018 ilikadiria kwamba mtu mmoja katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,171 katika kaunti ndogo ya Mvita, yaani kisiwani. Kwa makadirio hayo, kisiwa peke yake hutoa karibu tani 70 kila siku, kabla ya kuhesabu hoteli, masoko na watu wanaovuka kuja kazini asubuhi na kurudi makwao jioni.

Nyumba ya watu sita, kwa kipimo hicho, hutoa kilo 19 hivi kwa wiki. Katika miji ya ukanda huu, zaidi ya nusu ya taka za nyumbani huwa ni vitu vya kuoza: maganda, makombo, machicha ya nazi, matumbo ya samaki. Kwa hivyo nyumba inayotenga taka za kuoza peke yake imeshamaliza zaidi ya nusu ya kazi.

Somo la Kibarani

Wakazi wengi wanakumbuka jaa la Kibarani, kando ya njia ya kuingilia kisiwani upande wa Makupa. Kwa miaka mingi moshi na harufu ndivyo vilivyompokea mgeni, na taka zilikuwa ukingoni mwa bahari. Mnamo 2018 jaa hilo lilifungwa, na baadaye eneo likafukiwa na kupandwa miti.

Kufungwa kwa Kibarani hakukuzimaliza taka. Zilihamia Mwakirunge, upande wa Kisauni, na kuzifikisha huko kutoka kisiwani ni safari ndefu ya lori. Kila kilo ya maganda inayochanganywa na taka nyingine hupakiwa, husafirishwa kwa mafuta ya dizeli na kurundikwa mahali ambapo watu wengine wanaishi. Ikifukiwa chini ya taka nyingine bila hewa, huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo huwaka kwa urahisi na huchangia joto duniani. Jaa likishika moto, moshi wake huzisumbua nyumba za jirani kwa siku kadhaa.

Taka zisizofika jaani nazo zina njia zao. Plastiki nyepesi hupeperushwa hadi mitaroni, na mvua za masika zikija mitaro huziba. Wakati wa mvua kubwa za El Niño mwishoni mwa 2023, sehemu kadhaa za Mombasa zilifurika. Mtaro ulioziba hugeuza mvua ya kawaida kuwa mafuriko, na mtaro usioziba huzipeleka taka hizo Hori ya Tudor na baharini. Kwa vyovyote, mwenyeji hulipa.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka uzoaji wa taka na usimamizi wa majaa mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ilikwenda mbali zaidi. Inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, za kuoza mbali na zisizooza. Inawataka wazoaji wazibebe zikiwa zimetengana, na inazitaka kaunti ziweke vituo vya kuchambua na kurejesha taka katika matumizi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia Agosti 28, 2017. Mnamo Aprili 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa ilani kwamba taka za kuoza ziwekwe katika mifuko inayooza kabisa. Nyumba inayotumia ndoo yenye kifuniko na kuimwaga moja kwa moja kwa mzoaji haihitaji mfuko wowote.

Vyombo vitatu

Nafasi katika nyumba za Mji wa Kale ni ndogo, na vyumba vya Majengo au Tononoka navyo si vikubwa. Vyombo vitatu vinatosha: ndoo moja, gunia moja na kopo moja.

*Ndoo yenye kifuniko: taka za kuoza.* Humo huingia maganda ya matunda na mboga, makombo ya wali na ugali, majani ya chai, mashapo ya kahawa, maganda ya mayai, mifupa, matumbo na magamba ya samaki. Mchuzi humwagwa kwanza, kwa sababu maji ndiyo huleta harufu na funza. Gazeti kavu likitandikwa chini ya ndoo hunyonya unyevu. Ndoo hii haifai kulala zaidi ya siku moja au mbili, hasa ikiwa na samaki.

*Gunia: taka kavu.* Humo huingia chupa na madumu ya plastiki, makopo ya bati na ya alumini, karatasi, vitabu vya shule vilivyokwisha na maboksi. Kitu chochote kikiwa kichafu kwa chakula husuuzwa kwanza. Maji yaliyokwisha kuoshea vyombo yanatosha, hakuna haja ya kupoteza maji safi. Gunia likiwa kavu halinuki na halivuti panya, kwa hivyo laweza kukaa wiki nzima chini ya ngazi.

*Kopo la mfuniko: vitu vya hatari.* Betri, balbu zilizoungua, vyombo vya dawa ya wadudu, wembe na sindano havitakiwi kwenye ndoo wala kwenye gunia. Balbu nyingi ndefu za mwanga mweupe zina zebaki. Sindano za wanaojidunga dawa ya kisukari ziwekwe katika chupa ngumu, zifungwe, na zipelekwe kituo cha afya. Kijana anayechambua taka hutumia mikono yake, na sindano iliyofichika ndani ya karatasi humchoma yeye.

Nepi za kutupa, sodo na karatasi za chooni hazimo katika vyombo hivyo vitatu. Hufungwa peke yake na kupelekwa jaani.

Vitu vinavyowachanganya wengi

*Karatasi yenye mafuta.* Gazeti lililofungia viazi karai au mabajia halifai tena kwa kiwanda cha karatasi. Karatasi hutengenezwa upya kwa kulowekwa majini mpaka nyuzi zake ziachane, na mafuta huharibu kazi hiyo. Likichanwa, linaweza kwenda na taka za kuoza.

*Pakiti za maziwa na sharubati.* Zinaonekana kama karatasi, lakini nyingi ni tabaka za karatasi, plastiki na alumini zilizogandana. Zisichanganywe na maboksi, labda mzoaji awe ameziomba.

*Plastiki za aina mbalimbali.* Chini ya vyombo vingi kuna alama ya pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu na chupa za sabuni. Namba 5 ni mikebe ya mtindi na vyombo vingi vya jikoni. Hizi hazichanganywi kiwandani. Plastiki ya chupa ya maji huzama ikitiwa majini, na ile ya vifuniko huelea. Viwanda hutumia tofauti hiyo hiyo kuzitenga baada ya kuzisaga. Mkazi anaweza kuhakikisha kwa karai la maji na kipande cha kila moja. Vifuniko vikikusanywa kando hupunguza kazi.

*Nazi na madafu.* Pwani ina taka zake. Machicha ni taka ya kuoza, na anayefuga kuku huyataka. Makumbi na vifuu ni habari nyingine: huchukua muda mrefu kuoza na hujaza ndoo haraka. Wazee wa Pwani hawakuyatupa makumbi. Waliyafukia ufukweni hadi yalainike, wakatoa usumba wa kusokotea kamba. Vifuu viligeuzwa kata na upawa, na hadi leo huwaka vizuri jikoni. Makumbi yatengwe peke yake kavu, hasa na wauza madafu, badala ya kutiwa katika ndoo ya makombo.

Siku ya kuzoa

Lori haliingii kwenye vichochoro vya Kibokoni wala nyuma ya Ndia Kuu. Taka huko hutoka kwa mkokoteni, na mkokoteni hubeba kwa nafasi. Chupa kumi zisizokandamizwa ni hewa inayosukumwa na mtu kwa nguvu zake. Kwa hivyo chupa zikunjwe na maboksi yafunguliwe yawe bapa.

Vyombo vitolewe karibu na saa ya kuzoa, visilale nje usiku. Paka, mbwa na kunguru hawahitaji zaidi ya saa moja kuimwaga ndoo isiyofunikwa vizuri. Baraza ni mahali pa kukaa na kuzungumza. Taka ziwekwe pale ambapo majirani wamekubaliana na mzee wa mtaa.

"Mbona nikitenganisha wao wanachanganya?"

Hili ndilo swali linalosikika sana mitaani, na ni swali la haki. Mkazi anayeona ndoo yake na gunia lake vikimwagwa pamoja hukata tamaa, na akikata tamaa mtaa mzima humfuata.

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, sheria inamfunga mzoaji kama inavyomfunga mwenye nyumba. Nyumba kumi za kichochoro kimoja zikikubaliana kutoa taka zilizotengana, zinaweza kumdai mzoaji wao azibebe hivyo, na zikapeleka malalamiko kwa msimamizi wa wadi pale asipotimiza. Dai la nyumba moja ni rahisi kupuuzwa; la kichochoro kizima ni gumu.

Pili, taka kavu hazilazimiki kungoja mkokoteni wa taka. Mombasa imekuwa ikitenganisha bila kuiita hivyo. Chupa ya soda hurudishwa dukani kwa sababu ina thamani. Chuma na bati huchukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mitaani. Dumu la mafuta halitupwi hata siku moja. Gunia la taka kavu na safi linaweza kuwekewa mnunuzi wake kwa njia hiyo hiyo, au wakaachiwa vijana wa mtaa wanaoishi kwa kuuza plastiki. Kwao, gunia safi ni chakula cha siku, na lililochanganywa na makombo ni kazi ya bure.

Plastiki iliyotengwa huweza kufika mbali. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyotupwa na kupambwa kwa maelfu ya vipande vya kandambili, lilisafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Mbao zake za plastiki zilitokana na vitu ambavyo kwingineko vinaziba mitaro.

Zoezi la siku saba

Siku ya kwanza na ya pili, nyumba ianze na ndoo ya taka za kuoza tu. Vingine vyote viachwe kama vilivyokuwa. Siku ya tatu gunia la taka kavu litundikwe mahali ambapo watoto wanafika. Siku ya nne kopo la vitu vya hatari liwekwe mahali ambapo watoto hawafiki. Siku ya tano na ya sita, mmoja wa nyumbani akague vyombo jioni na kutoa kilichoingia pasipo pake. Siku ya saba ndoo na gunia vipimwe kwa mzani wa jikoni au wa dukani, na uzito uandikwe.

Watoto wa shule wanaweza kupewa maswali haya matatu:

1. Kwa nini mchuzi humwagwa kabla makombo hayajatiwa kwenye ndoo?
2. Boksi la pizza lina upande mmoja mkavu na mwingine wenye mafuta. Kila upande uende wapi?
3. Nani anaumia ikiwa wembe umetiwa kwenye gunia la karatasi?

Mtoto anayeyajibu matatu yote anaweza kukabidhiwa ukaguzi wa jioni. Na mwenye nyumba atakayeona uzito wa siku ya saba atapata picha ya taka za nyumba yake zilizokuwa zikisafirishwa Mwakirunge bila sababu.