Dondoo Muhimu: Kuwatafuta Waroma Kwenye Nyaraka za Kale

Unapowatafuta Waroma (jamii iliyoitwa pia Wajipsi, si watu wa mji wa Roma), usitafute neno “Roma” pekee. Walioshika kalamu zamani walikuwa makarani, polisi na watawa, nao waliandika “gitanos” Hispania, “Zigeuner” Ujerumani, “țigani” Romania. Majina hayo yanaumiza, lakini ndiyo yanayofungua majalada.

Kwa habari za utumwa wa Waroma, anza na hati za monasteri za Romania. Ile ya Tismana, ya mwaka 1385, inataja familia 40 za Waroma zilizotolewa zawadi, kama mashamba.

Kwa enzi ya Wanazi, madaftari ya kambi ya Waroma kule Auschwitz yapo kwa sababu wafungwa waliyafunga kwa nguo, wakayatia kwenye ndoo na kuyafukia mwaka 1944. Yalifukuliwa 1949, baadhi ya kurasa zimeliwa na unyevu. Yasome jina kwa jina, taratibu.

Kisha wasikilize Waroma wenyewe kupitia RomArchive, hifadhi ya kidijitali iliyofunguliwa 2019.