Somo la Ndoa: Mwili wa Mama Kabla ya Mimba

Wakatekumeni wapendwa, mtu wa Masisi hapandi viazi kwanza, kisha akalima. Mama naye hutayarishwa mbele.

Swali: Kwa nini asingoje mpaka ajijue mjamzito?

Jibu: Kwa sababu mfereji ufanyao ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika yapata siku ya 28, naye mama pengine hana habari. Yafaa ameze kidonge cha asidi foliki, miligramu 0.4 kila siku, tangu mwezi mmoja kabla ya mimba. Maharage na lengalenga ni vyema, lakini havitoshi peke yavyo.

Swali: Chumvi yahusuje?

Jibu: Udongo wa milima ya Kivu una iodini haba. Katika miaka ya 1960, kisiwani Idjwi, waganga walikuta wengi wenye rovu, na wengine waliozaliwa wazito wa akili kwa kuwa mama zao walikosa iodini. Sumu ya mihogo isiyolowekwa vema huzidisha dhara. Enyi wa Walikale, sikieni. Nunueni chumvi iliyotiwa iodini, ifunikeni, tena itieni chunguni chakula kikiisha kuiva.

Swali: Na mume?

Jibu: Aende na mkewe kwenye kituo cha afya, wapimwe damu wote wawili. Kaswende ya baba humfikia mtoto kwa njia ya mama.