Kompyuta Ikiugua, Usikimbilie Kuizima



Mwaka wangu wa pili hapa, mashine ya Linux niliyopewa maabara ilianza kusuasua. Kufungua faili dogo tu, dakika nzima! Kwa pupa nikaizima na kuiwasha mara tatu. Mara ya nne haikuamka, na matokeo yangu ya wiki sita yakaenda nayo. Kumbe mashine ilikuwa inalalamika siku nyingi, ila mimi sikujua pa kusoma. Basi tusome pamoja.

Kwanza, nakili kazi yako kwenye diski nyingine. Kama diski ndiyo mgonjwa, kila kipimo kinaichosha zaidi.

Pili, andika df -h. Diski ikijaa asilimia 100 programu hukwama, na hapo hakuna kilichoharibika, futa usivyovihitaji. Halafu andika top uone kama kuna programu moja inayokula kumbukumbu yote.

Tatu, andika dmesg. Hilo ni daftari la malalamiko ya mfumo, na ukizima mashine linafutika. Ukikuta "I/O error" pamoja na jina kama sda, shuku diski au waya wake.

Nne, iulize diski yenyewe: smartctl -a /dev/sda. Inahitaji ruhusa ya root. Kama huna, mwombe fundi wa maabara. Wengi wakiona PASSED hushangilia. Jamani, neno hilo linasema tu kwamba diski haijavuka kikomo alichoweka mtengenezaji. Kwa diski za SATA, tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, safu ya mwisho. Namba zikipanda siku hadi siku, tafuta diski mpya.

Diski ikiwa nzima lakini programu zinakatika ovyo, pima RAM kwa Memtest86+. Hiyo huendeshwa kabla Linux haijawaka. Iache usiku kucha.

Onyo moja: usitumie fsck kurekebisha diski ambayo mfumo bado unaitumia. Unaweza kuharibu hata kilichobaki.

Wenzangu, wengi wetu tuko huku kwa ufadhili wenye tarehe ya mwisho, na mfadhili haongezi miezi kwa sababu diski imekufa. Leo jioni, kabla hujasonga ugali, nakili kazi yako. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.