Bomba linalokumbuka mto ulipofika usiku

Mvua ikipiga milima ya upande wa Kahuzi usiku, kijito chetu hapa Kavumu hupanda watu wamelala, na kukipambazuka kimeshashuka. Juzi wazee wawili waligombana vikali kwenye daraja la miti: mmoja alisema maji yalifika kiunoni, mwenzake akaapa hayakupita goti. Nikawaambia, baba zangu, ngojeni nifungue bomba.

Upimaji wa kila siku ni mwepesi. Simika ubao wenye alama za sentimita, usome asubuhi na jioni. Mtiririko je? Tupa chungwa, hesabu sekunde katika mita 10 upate mwendo. Zidisha upana, kina na mwendo, kisha mara 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini.

Kazi iko kwenye kilele cha maji ya usiku. Tafuta bomba la plastiki la inchi 2, refu kuliko mafuriko unayoyaogopa. Ziba chini, toboa matundu madogo hapo hapo, na moja juu la kutolea hewa. Ndani simamisha ufito mkavu, mwanzo wake uwe sawa na sifuri ya ubao, kisha tia kiganja cha mkaa uliotwangwa na kuchekechwa. Maji yakipanda, unga huelea; yakishuka, hubaki umenata kwenye ufito pale yalipoishia. Twanga mkaa wa mti mwepesi. Wa mkaratusi ulinisumbua, ulizama.

Na bomba lenyewe liwe zito! Muuzaji mmoja mjini Bukavu aliniapia kwamba lake jembamba halipasuki. Gogo la kwanza lililipasua, na nilipompelekea vipande akaulaumu mto. Sinunui tena kwake. Lifunge kwa waya kwenye nguzo ya chuma, kamba huoza.

Siku ile ya ugomvi wa darajani, ufito ulitoka na mstari mweusi kwenye sentimita 94. Kiunoni. Mzee aliyeapa aliugusa kwa kidole, akaomba daraja liinuliwe kabla watoto hawajavuka tena kwenda shule. Tangu Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, Mei 2023, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 400, hapa hakuna anayebeza kijito.

Ninyi mnaolima kando ya Lwiro, simikeni bomba Agosti, kabla mvua za Septemba hazijaanza, na daftari likae kwa chifu.