Dondoo muhimu: Kabichi inayohimili viwavi

Hakuna aina ya kabichi au sukuma wiki isiyoguswa kabisa na nondo mgongo-almasi, ila zipo zinazoumia kidogo. Majani yanayong'aa, yasiyo na utando mweupe wa nta, huwasumbua viwavi wachanga wa nondo huyu: hutangatanga badala ya kula, na wengi hufa.

Korogwe, joto la bonde la Pangani huharakisha uzazi wa nondo, hivyo geuza majani ukague mara mbili kwa wiki. Kiwavi anayejinyonganyonga akiguswa, kisha akaning'inia kwenye uzi, ndiye wa nondo huyo. Handeni, kiangazi, angalia zaidi vidukari.

Jaribu aina mbili tatu kwenye tuta moja bila dawa, ulinganishe. Kwingineko ukinyunyizia, tafadhali usirudierudie dawa ileile: nondo huyu aliishinda DDT tangu miaka ya 1950.